UMEME WA GARI KUUKUU UKATIKAO NA KURUDI

Wenye magari makuukuu katika Kitui waijua taabu hii: asubuhi gari lakataa kuwaka, fundi aja, nalo lawaka bila ya kufanyiwa lo lote. Hapo wengi hununua betri mpya, kisha altaneta, na taabu yabaki pale pale. Fedha zimekwenda, na usiku wa kumchukua mgonjwa kutoka Zombe taa zazimika njiani.

Yafaa kuijua sababu. Kitu kilichovunjika kabisa hakirudi kufanya kazi chenyewe. Basi umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi waya umelegea, au umeingia kutu, au umekatika ndani ya mpira wake. Barabara ya Kitui kwenda Kibwezi kupitia Mutomo sasa ina lami, lakini gari lililotikiswa miaka mingi na changarawe hulegea maungio yake. Vumbi huingia humo, na mvua za Novemba huleta unyevu. Ndipo kutu huanza.

Itafute kwa utaratibu huu.

Kwanza, andika katika daftari kila umeme ukatikapo: injini ilikuwa ya moto? Gari lilipita shimoni? Mvua ilinyesha? Zikizimika taa zote pamoja, angalia betri, waya zake kubwa na swichi ya ufunguo. Ikizimika moja tu, angalia fyuzi, swichi na waya wa taa hiyo.

Pili, zima injini, ufungue kwanza waya wa betri ulioungwa na bodi. Safisha vichwa vya betri, na mahali waya huo ushikapo bodi, mpaka chuma king'ae. Ukirudisha, waya wa bodi uwe wa mwisho. Usivute sigara hapo, kwa maana hewa ya betri yaweza kulipuka.

Tatu, pima kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6, injini ikienda na altaneta ikiwa nzima, volti 13.8 mpaka 14.4 hivi. Kisha weka mita kati ya kichwa cha betri cha upande wa bodi na chuma cha injini, mwenzako akizungusha stata. Ikizidi nusu volti, kosa ni la waya wa bodi, si la betri.

Nne, injini ikiwa imezimwa, washa taa, utikise waya mmoja mmoja. Taa ikizimika na kuwaka, umepata mahali penyewe.

Fyuzi ikiungua tena na tena, kuna waya uliochubuka ugusao bodi. Usitie msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi: waya utapata moto na gari litateketea. Nao wenye Land Rover za miaka ya 1950 wakumbuke kwamba nyingi ziliungwa chanya kwenye bodi. Watazame kabla ya kuunga betri.

Mwenye gari akimpelekea fundi daftari lake, fundi ataanzia mahali panapostahili, na fedha ya betri itabaki mfukoni.