Homa ya ini C: Dawa hulipwa mara moja, figo kila mwaka

Homa ya ini aina ya C hutajwa kama ugonjwa wa ini tu. Soko la Marekani linaonyesha kuwa mzigo wake mwingine uko kwenye figo.

Virusi vyake huenea kwa njia ya damu. Vikikaa mwilini miaka mingi, huifanya kinga ya mwili itoe protini zinazonasa kwenye vichujio vya figo na kuviharibu. Aidha, mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, anaweza kuambukizwa kituoni iwapo usafi utalegea.

Tangu mwaka 1973, bima ya serikali ya Medicare huwalipia Wamarekani wengi wenye figo zilizoshindwa. Katikati ya miaka ya 2010, mgonjwa mmoja wa mashine aliigharimu karibu dola 90,000 kwa mwaka. Malipo hayo hayakomi mpaka apandikizwe figo au afariki.

Desemba 2013, kampuni ya Gilead iliruhusiwa kuuza Sovaldi kwa dola 1,000 kila kidonge, yaani dola 84,000 kwa wiki 12. Bei hiyo ilipigiwa kelele nyingi, ingawa ilikuwa chini ya gharama ya mashine kwa mwaka mmoja, na wengi wa waliotibiwa walipona.

Kasoro ilikuwa moja: dawa hiyo hutolewa mwilini kupitia figo, hivyo wenye figo zilizochoka sana hawakushauriwa kuitumia. Washindani waliiona nafasi hiyo. Merck ilileta Zepatier Januari 2016 kwa dola 54,600, na AbbVie ikaleta Mavyret Agosti 2017 kwa dola 26,400 kwa wiki 8. Zote mbili zinawafaa wagonjwa wa mashine. Dawa za Gilead za jamii hiyo zilipata ruhusa kama hiyo Novemba 2019.

Wakati huo biashara ilikwishageuka. Mauzo ya Gilead ya dawa za homa ya ini C yalishuka kutoka dola bilioni 19.1 mwaka 2015 hadi bilioni 3.7 mwaka 2018. Bei zilishuka, na mgonjwa aliyepona harudi dukani.

Mnunuzi wa hisa atazame tofauti hiyo: dawa inayoponya hupunguza wateja wake yenyewe, lakini mashine ya figo hupokea mteja yule yule kila wiki. Kwa mwenye kulipa bili, la msingi ni wakati. Kuua virusi hakurudishi figo iliyokwisha kufa, hivyo faida ya tiba hupatikana kwa kupima mapema.