Manowari iliyokuja vipande vipande

Kijana wa mjini, ukimaliza kubandika kwa gundi ile manowari ya plastiki ya Bismarck unajiona fundi, siyo? Tulia nikupe stori ya kwetu Ziwa Nyasa.

Enzi za Mjerumani, ufukwe wa Mbaha na Liuli ulikuwa na meli yenye mzinga, Hermann von Wissmann. Nayo ilikuwa ya kuunganisha! Ilitoka Ujerumani vipande vipande, ikapitia mito ya Zambezi na Shire. Penye maporomoko, wapagazi Waafrika wakabeba vyuma. Mwaka 1893 ikaelea ziwani.

Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo, Mwingereza Rhoades akaja na meli yake Guendolen, akaitandika mizinga. Kepteni Berndt, rafiki yake wa kunywa naye, hakujua kama vita imeanza. Eti alipiga makasia hadi kwa Rhoades, akimfokea: umelewa nini? Akatiwa mbaroni palepale.

Majina ya makepteni tunayo. Ya wapagazi je? Basi jamani, siku mkichonga Wissmann ya mbao, wachongeni na waliobeba vyuma vyake.