GARI LA JAPANI: UNAOKOA PESA AU UNAJIDANGANYA?

Wiki hii tuweke pembeni habari za mapenzi, tuongelee kitu kingine kinachowanyima vijana usingizi. Gari.

Pale Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, ambako kaka yangu anachimba dhahabu, kijana akipata pesa hufanya mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza anabadilisha simu. Pili ananunulia kijiwe kizima soda na nyama choma. Tatu anaanza kuangalia magari kwenye hiyo simu mpya. Nyumba ya nyasi kule kwao itasubiri, bwana!

Na siku hizi hakuna anayesema “nitanunua gari”. Wote wanasema “nitaagiza”. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: “Yadi wanatupiga. Ukiagiza mwenyewe unaokoa mamilioni.” Je, ni kweli? Mimi najua jibu, kwa sababu hesabu ya gari la kaka niliipiga mwenyewe. Naomba msinicheke. Mtihani wa kidato cha nne hisabati nilipata D, lakini nyumbani kwetu ndiye msomi.

MSHIKO WA DUARA

Ilikuwa Oktoba 2023. Kaka alikuwa na hisa kwenye duara moja, na duara likatema. Si sana, lakini baada ya kugawana viroba, kupeleka karashani, kuchenjua na kuuza, alibaki na Sh milioni 19 mkononi. Akanipigia usiku.

“Dogo, nataka gari la biashara. Watu saba. Nipige mchomoko kati ya huku na Shinyanga mjini. Machimbo yanaweza kukataa kesho, gari halikatai.”

Nikamwambia, “Kaka, umesema la maana.” Na kweli lilikuwa la maana.

Tulichagua Toyota Wish, injini ya cc 1800. Yadi moja Mwanza walitaka Sh milioni 23 kwa gari lililokwisha lipiwa kila kitu, unawasha na kuondoka. Kwenye simu gari la aina hiyohiyo lilikuwa dola 4,000, pamoja na meli na bima hadi bandari ya Dar es Salaam. Dola wakati ule ilikuwa inacheza kwenye Sh 2,500, na kuipata benki ilikuwa kazi. Kwa hiyo gari ni Sh milioni 10. Kaka akaruka juu. “Unaona? Yadi wanakula nusu kwa nusu!”

Kumbe msomaji wangu, hapo ndipo watu wengi wanapotelea. Bei ya gari ni nusu ya safari tu.

KWA NINI JAPANI WANATUPA?

Kwanza tuelewane kwa nini gari la Japani ni rahisi. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko upande wetu. Halafu kwao gari lina ukaguzi wa lazima wa serikali, wanauita shaken. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo si wa bei ya karanga. Mwenye gari akiona gharama inazidi, anaona bora aliuze. Likienda mnadani, mwisho wa siku linakuja kwetu.

Na gari jipya kabisa, la ziro kilomita? Wenzetu Marekani walikuwa na mchongo mtamu. Mtu analipia gari la Ulaya nyumbani kwake, anapanda ndege kulichukua kiwandani, anatembea nalo Ulaya kama mtalii, halafu kampuni inalisafirisha. Alipata punguzo, na gari la kukodi la likizo likawa bure. BMW na Mercedes-Benz waliwafungia Wamarekani utaratibu huo mwaka 2020.

Kwetu mlango wa namna hiyo haupo kwa mtu wa kawaida. Yale Land Cruiser meupe ya mashirika ya misaada unayoyaona yakipita kwa kasi, mengi hupitia Toyota Gibraltar Stockholdings, kampuni inayohudumia mashirika ya misaada na Umoja wa Mataifa. Haimuuzii mwenye duara. Wewe na mimi tukitaka jipya, tunaenda kwa wakala rasmi wa hapa nchini na bei yake tunaijua kwa kuangalia viatu vya wanaoingia. Kwa hiyo kuagiza kwetu maana yake ni kuagiza lililotumika.

DOLA 4,000 ZINAVYOZAA

Sasa kamata kalamu, maana hapa ndipo kwenye utamu na uchungu. Mamlaka ya Mapato, TRA, inaanza na thamani ya gari, bima na nauli ya meli. Tuseme ni dola 4,000.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Sasa tuna 5,000. Juu ya hiyo 5,000 kuna ushuru wa bidhaa kufuatana na injini. Hadi cc 1000 ni bure, kuanzia 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni asilimia 10. Wish yetu ni asilimia 5, dola 250.

Halafu anakuja baba mwenye nyumba: ushuru wa uchakavu. Gari la kutembelea likipita miaka 8 hadi 10 unalipa asilimia 15 ya ile 5,000. Likipita miaka 10, asilimia 30. Mwisho inawekwa VAT ya asilimia 18 juu ya mkusanyiko wote.

Kwa gari la miaka 8 hadi 10, jumla ya kodi hizo inakuja dola 3,080. Kwa lililopita miaka 10, dola 3,965. Soma tena. Gari la dola 4,000, kodi dola 3,965! Umenunua gari moja, umelipia mawili. Na bado kuna tozo ndogo ndogo kama ya reli, gharama za bandari, ujira wa wakala, usajili, bima, na mafuta ya kutoka Dar hadi Shinyanga, karibu kilometa 1,000.

Ajabu ni kwamba gari jipya la injini hiyohiyo linalipa kodi hizo kwa asilimia 55 tu ya thamani yake, kwa sababu halina uchakavu. La kwetu la zamani lilikuwa asilimia 99. Tajiri analipa pesa nyingi zaidi, sawa, lakini kwa kila shilingi ya gari, maskini ndiye anayekamuliwa.

KOSA LANGU

Tangazo la Wish lilisema 2014. Mimi nikahesabu vidole: 2014 hadi 2024 ni miaka 10, tuko kwenye asilimia 15. Kodi Sh milioni 7.7, gari milioni 10, mengineyo milioni 1. Jumla Sh milioni 18.7. Kaka ana 19. Nikamwambia, “Kaka, lipa. Na chenji utabaki nayo.”

Tulituma pesa. Tukaambiwa wiki sita. Meli ilitia nanga wiki ya pili ya Januari 2024.

Wakala wetu akanipigia simu akiwa mpole kama mtu anayeleta habari za msiba. “Mdogo wangu, gari lenu ni la 2013.”

“Hapana bosi, ni 2014, tangazo ninalo.”

“Hiyo 2014 ni mwaka wa kusajiliwa Japani. Limetengenezwa 2013. Huku tunahesabu kutengenezwa.”

Nilikaa chini kwenye ndoo. Kumbe karatasi ya Japani inaonyesha siku gari liliposajiliwa mara ya kwanza, wakati sheria ya kwetu inahesabu umri kuanzia mwaka lilipotoka kiwandani. Gari linaweza kutengenezwa Novemba likasajiliwa Februari, ikawa miaka miwili tofauti. Lingefika Desemba 2023 lingekuwa na miaka 10, tungepona. Lilifika Januari, likawa na 11. Wiki mbili za bahari zikatugharimu dola 885, yaani zaidi ya Sh milioni 2.2.

Na wakati tunahangaika kutafuta nyongeza, siku za bure bandarini zikaisha, gari likaanza kulipa kodi ya pango kama mpangaji.

DUARA HALISUBIRI MELI

Hadi gari linatoka, hesabu ilikuwa hivi: gari milioni 10, kodi milioni 9.9, mengineyo yote milioni 1.9. Jumla Sh milioni 21.8. Ukilinganisha na yadi ya Mwanza, kaka aliokoa Sh milioni 1.2. Basi! Si milioni 13 alizoziona kwenye simu, wala milioni 4.3 nilizomuahidi mimi.

Lakini hiyo siyo habari yenyewe. Habari yenyewe ni kwamba Januari ni mvua. Maji yaliingia kwenye duara, wenye hisa wakatakiwa kuchangia pampu na matimba mapya. Kaka pesa yake ilikuwa bandarini imevaa matairi. Akauza nusu ya hisa yake kwa Sh milioni 3, zikaenda kulipa kodi ya kosa langu na mchango wa pampu.

Machi, maji yalipokauka, duara likatema tena. Safari hii lilitema kweli. Aliyenunua ile nusu hisa ana nyumba ya bati na kisima. Kaka ana Wish.

Nilikwenda Mwakitolyo kumuomba radhi. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye kioo, abiria wamejaa, mmoja amepakata jogoo. Aliniangalia, akacheka.

“Dogo, dhahabu ya ardhini haina mwenyewe mpaka utakapoishika. Hili nimelishika. Ingia, nauli yako bure. Leo tu.”

Mama yetu hakucheka. Yeye kila akiliona lile gari anaguna, kisha ananiangalia mimi.

SASA UFANYE NINI?

Msomaji, kuagiza mwenyewe kunaokoa pesa, sibishi. Lakini kunamuokolea mwenye pesa iliyolala. Ukiwa na mshiko usio na kazi kwa miezi mitatu minne, agiza. Pesa yako ikiwa ndiyo mtaji unaokulisha, yule jamaa wa yadi ile faida yake anaipata kihalali. Amekubebea bahari, bandari na usingizi.

Kama umeamua kuagiza, shika haya. Moja, usiulize “gari la mwaka gani”. Uliza mwaka na mwezi wa kutengenezwa, kwa namba ya chesesi, kwa maandishi. Na likikaribia kuvuka mpaka wa miaka 8 au 10, usiagize mwishoni mwa mwaka. Meli haijui sikukuu.

Mbili, kabla ya kulipa ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA. Wao wana thamani yao, na risiti yako ikiwa ya bei ya chee hawashtuki, wanatumia ya kwao. Kikokotoo hicho ningekiangalia dakika tano tu, leo ningekuwa naandika habari za mapenzi.

Tatu, omba karatasi ya mnada. Ukiona daraja la R, ujue gari liligongwa likatengenezwa. Nne, hakikisha muuzaji yupo kweli. Wauzaji wa Japani wana chama chao, JUMVEA, kinachoonyesha wanachama wake. Akikwambia utume pesa kwenye akaunti ya mtu binafsi, kimbia hata kama umevaa kanda mbili.

Na tano, ambayo vijana hawataki kuisikia: gari lililokwishatumika hapa nchini. Nasikia mnasema, “Namba D? Mimi? Watanionaje?” Nawaelewa. Namba E mpya inang'aa, na mabinti wanajua kusoma namba za magari kuliko mimi nilivyojua hisabati. Lakini gari la namba D kodi yake ilishalipwa na mtu mwingine, fundi wa mtaani analijua, na unaweza kuliwasha kabla hujatoa hata senti. Kaka angenunua hilo, angebaki na pesa ya pampu.

Angebaki na hisa yake nzima. Hilo ndilo Mama anaguna nalo, na mimi sina jibu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, na tutarudi kwenye mapenzi. Huko angalau hesabu hakuna.