Kitenzi "Shall": Deni, Amri au Wakati Ujao?

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyowatatiza wafasiri wetu, kimoja ni kifupi na chajulikana na kila mwanafunzi wa sekondari, nacho ni "shall". Mazoea yametufundisha kukifasiri kwa kiambishi -ta- na kuendelea na sentensi inayofuata. Katika barua ya kirafiki mazoea hayo hayana madhara. Katika sheria, mkataba au waraka wa serikali yaweza kumpotezea mtu haki yake. Jambo hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipoirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi.

Kitenzi hiki chatokana na neno la Kiingereza cha Kale "sculan", ambalo maana yake ya awali ilikuwa kuwiwa, yaani kuwa na deni. Katika Kijerumani jamaa zake ni kitenzi "sollen", yaani kupaswa, na nomino "Schuld", yenye maana ya deni na pia hatia. Kutoka katika kuwiwa mali, maana ilipanuka ikawa kupaswa kutenda, na hatimaye kutaja tu jambo lijalo. Mwenzake "will" alianzia kwingine, kwani maana yake ya asili ni kutaka.

Kiambishi chetu -ta- nacho wanaisimu hukihusisha na kitenzi -taka, na umbo hilo kamili limesalia katika virejeshi kama "atakayekuja" na "litakalotokea". Kwa asili, basi, -ta- ni ndugu wa "will", si wa "shall". Ni kweli kwamba asili ya neno haiamui maana yake ya leo. Lakini hapa yatuonyesha mahali ambapo mfasiri aweza kuteleza, akaweka nia palipokuwa na deni.

Mwaka 1653 John Wallis, katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini, alieleza kwamba "shall" katika nafsi ya kwanza hutabiri tu, bali katika nafsi ya pili na ya tatu huahidi au hutisha. Kanuni hiyo ilifundishwa shuleni kwa muda mrefu, ingawa wasemaji wengi, hasa wa Scotland, Ireland na Marekani, hawakuifuata kikamilifu. Kwa mfasiri wa leo yafaa kutofautisha matumizi manne.

Kwanza, wajibu. Tuchukue kifungu cha mkataba kisemacho: "Mwenye nyumba atamrudishia mpangaji amana yake katika siku 30." Mpangaji aweza kukisoma kama ahadi au matumaini. Tukiandika "Mwenye nyumba anawajibika kumrudishia", au "sharti amrudishie", deni linaonekana wazi.

Pili, katazo. "Mtumishi hatatoa siri za ofisi" yaelekea kuwa sifa njema ya mtumishi huyo kuliko amri. Bora "haruhusiwi kutoa" au "ni marufuku kutoa".

Tatu, tamko. Sheria inapojipa jina au inapounda chombo, hakuna mtu anayewiwa. Hapo "Sheria hii itaitwa" na "Kutakuwa na Baraza" ni sahihi kabisa. Anayeandika "Ni lazima Sheria hii iitwe" amekimbia kosa moja na kuangukia jingine.

Nne, swali la kuomba rai. Mwingereza anayetumia "shall" kuuliza kama afungue dirisha hatabiri kitu. Kiswahili kina njia yake, nayo ni dhamira tegemezi: "Nifungue dirisha?", "Twende?" Walimu wawazoeze wanafunzi kutojibu kwa "Je, nitafungua?"

Hatusemi kwamba -ta- haiwezi kubeba amri. Mkubwa amwambiapo mdogo wake, "Utanisubiri hapa," mdogo anaelewa. Lakini amri hiyo imo katika sauti na cheo cha msemaji, navyo haviandikiki katika waraka. Palipo na shaka, wajibu utajwe kwa jina lake.

Yafaa pia kuangalia kitenzi "may", ambacho katika sheria humpa mtu hiari. Waziri aliyeambiwa "anaweza kushauriana na Bodi" aweza kuacha. Aliyeambiwa "sharti ashauriane" hawezi. Tofauti hiyo ikififia katika tafsiri, mamlaka yenyewe yamebadilishwa.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni letu peke yetu. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilichagua "must" kutaja wajibu, na kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani zilipoandikwa upya mwaka 2007, "shall" iliondolewa kwa sababu ya utata wake. Ikiwa wenye lugha wenyewe wameona haja ya kukiepuka, mfasiri asione haya kusita mbele yake.

Kabla ya kuandika -ta-, basi, mfasiri na ajiulize: ni nani hapa anayewiwa, na anawiwa nini? Akimpata mdeni, aandike "anawajibika", "anapaswa" au "sharti", na neno alilolichagua alitumie hilo hilo katika waraka wote. Asipompata, -ta- yatosha.