Mchanga unatembea, droni zinauhesabu

Kule Ufaransa, karibu na mji wa Arcachon, kuko mlima wa mchanga unaoitwa Dune du Pilat. Kwenda juu unafika karibu meta 100; katika Ulaya yote hakuna mwingine wa mchanga unaoupita. Upepo wa bahari unausukuma kila mwaka, meta moja mpaka tano, kuelekea pori. Miti inazikwa ikiwa imesimama.

Siye tunaoishi kando ya mashimo na malundo ya mgodi tunajua kama udongo unatembea. Tunasema tu: mwaka jana haikukuwa hivi. Wenzetu wa pwani wanataka kujua umetembea meta ngapi, na tangu siku gani. Kwa kazi hiyo wanatumia droni, ile ndeke ndogo isiyo na mtu ndani.

Namna inafanya kazi

Droni inapita juu mistari mistari, sawa mtu anayelima shamba. Inapiga picha nyingi zinazopandana, ili kila fasi ionekane katika picha kadhaa. Chini, wapimaji wametangulia kuweka alama na kuzipima kwa GPS. Kompyuta inaunganisha picha zote na kujenga sura ya mlima, kwa kosa la sentimeta chache.

Wanarudia kisha miezi, zaidi sana kisha dhoruba. Sura mpya inawekwa juu ya ile ya zamani. Pale zinapoachana, njo wanajua mchanga gani umeondoka, na meta kyubu ngapi. Katika kampuni za mgodi pia, wapimaji wanatumia njia hiyo kuhesabu lundo la madini bila kulipanda.

Lakini droni iko na mpaka wake. Upepo mkali unaizuia, majani yanaficha udongo, na ndani ya ardhi haioni kitu. Mchimbaji asidanganyike: droni iliyopita juu ya kisima chake haijui kama ukuta wa ndani unataka kuanguka.

Nyumba ya Soulac

Pwani ile ile, kule Soulac-sur-Mer, kulikuwa nyumba ya ghorofa, Le Signal, iliyojengwa katika miaka ya 1960. Ilikuwa na makao 78, na bahari ilikuwa mbali, meta 200 hivi. Mwaka kwa mwaka maji yalikula mchanga. Kisha dhoruba kali, Januari 2014 watu wote wakatolewa.

Wakadai malipo. Wakajibiwa kama mfuko wa serikali wa misiba ya asili haulipi nyumba inayopotea kwa sababu ya mchanga unaoliwa pole pole. Mwaka 2018 mahakama kubwa zikakubali jibu hilo. Ni mwisho wa 2020 tu njo waliahidiwa 70 kwa mia ya bei ya makao yao. Mwaka 2023 nyumba ikabomolewa.

Pale tunaona jambo zito. Hatari ya ghafla inaonwa na kila mtu. Ile ya pole pole inataka kipimo na tarehe, na inataka watu wajue hesabu mapema, wakati bado wanaweza kuhama na kudai. Congo pia iko na pwani yake fupi, kule Muanda, na ukingo wake unabomoka.

Siye tufanye nini?

Kule Australia, tangu 2017, wamesimamisha vishikio vya simu kando ya bahari. Mpita njia anaweka simu yake pale na kupiga picha, kila mara kutoka fasi moja. Hivyo picha za leo na za mwaka jana zinaweza kulinganishwa.

Hata bila droni, wamama na wapapa wanaweza kufanya hivyo. Piga picha ya lundo au ya ukingo kutoka fasi moja kila mwezi, andika tarehe. Nyumba iko na ufa? Tia alama huku na huku, pima katikati yake, andika. Ukiona unapanuka mbio, usingoje kipimo kingine: toka na watoto, mwite mkubwa wa mtaa.

Na siku droni inapopita juu ya mtaa wenu, ulizeni pamoja: inapima nini, na matokeo yatasomwa kwetu lini?