Urejeshaji wa Makosa katika Msimbo wa Uoanishaji wa Kumbukumbu: Kiini cha Linux

Simu za Android wanazotumia mawakala wa huduma za fedha katika Wilaya ya Wanging'ombe, kuanzia Igwachanya hadi Ilembula, huendeshwa na kiini cha Linux. Programu inapoomba eneo la kumbukumbu kwa wito wa mmap, kiini huirudishia anwani ya mwanzo wa eneo hilo. Jibu ni moja tu, nalo hulazimika kubeba ama anwani ama habari ya kushindikana.

Sifuri haifai kuwa alama ya kosa, kwa kuwa anwani sifuri yaweza, kwa idhini maalumu, kuoanishwa kihalali. Kwa sababu hiyo programu hupokea MAP_FAILED, yaani hasi 1, kisha husoma sababu katika errno: 12 ni upungufu wa kumbukumbu, 22 ni hoja batili. Ndani ya kiini utaratibu ni mwingine. Thamani 4095 za mwisho za nafasi ya anwani zimetengwa kwa ajili ya makosa, hivyo kielekezi kilekile chaweza kubeba anwani au hasi 12, na IS_ERR ndiyo inayovitenganisha.

Ugumu hutokana na kuchanganyika kwa desturi mbili. Baadhi ya vitendaji hurudisha kielekezi tupu vinaposhindwa, ilhali vingine hurudisha kielekezi cha kosa. Mtunzi anayepima utupu peke yake hulichukua kosa kuwa anwani halali. Kompaila haimwonyi, maana aina ya data ni ileile.

Aidha, hatua zilizokwisha kutekelezwa hutenguliwa kinyumenyume kwa goto. Kiendeshi kikikataa, rejeo la faili lililochukuliwa huachiwa kwanza, ndipo muundo wa eneo ufutwe. Ikirukwa hatua moja, kumbukumbu huvuja kimyakimya.

Hata hivyo, mafanikio ya mmap si ahadi ya kumbukumbu halisi. Kwa kawaida kurasa hutolewa zinapoguswa, na wakati huo hapana tena jibu la kurudisha. Kumbukumbu ikipungua, Android huua michakato kupitia lmkd. Programu ya wakala ikiuawa baada ya kutuma ombi na kabla ya kupokea jibu, hakuna msimbo wa kosa unaoifikia. Iwapo haikuandika ombi hilo katika hifadhi ya kudumu, ikifunguliwa upya haitajua kama fedha za mteja zimekwenda.