Mkata Miti na Uti wa Mgongo Wake

Masika yanapokaribia, wakazi wa miji ya Pwani huanza kuitazama miti yao kwa wasiwasi. Mwembe ulioegemea paa, mnazi mrefu uliosimama karibu na chumba cha watoto, mwarobaini uliokwisha kufikia nyaya za umeme: kila mmoja hutafutiwa mtu wa kuupogoa au kuuangusha kabla upepo haujafanya kazi hiyo wenyewe. Mtu huyo huja na panga, shoka, kamba na, akiwa na uwezo, msumeno wa mnyororo. Mara nyingi huwa na msaidizi mmoja wa kushika kamba chini. Jioni ikifika, uwanja umefagiliwa, kuni zimepangwa, na mwenye nyumba analala bila hofu.

Sisi tunaotibu mifupa na uti wa mgongo humpokea mtu huyu siku kazi inapokwenda kombo. Ndugu waliomleta husema maneno tuliyoyazoea: ajali haina kinga. Maneno hayo hufariji, lakini katika kazi hii si ya kweli kwa sehemu kubwa. Kuanguka kwa mkata miti kuna hatua zake, na karibu kila hatua ina kinga yake.

Ustadi wa kazi

Kukata miti ni ufundi. Mkwezi wa minazi hupanda kwa vidato vilivyochongwa shinani au kwa kitanzi cha kamba miguuni. Mpogoaji wa mwembe hukaa katika panda imara na kulikata tawi kwa hatua tatu: kwanza mkato mfupi upande wa chini, kisha mkato wa juu mbele kidogo ya ule wa kwanza, na mwisho kisiki kinachobaki hukatwa karibu na shina. Mkato wa chini ukirukwa, tawi huchanika na gome lake, likabembea na kumpiga aliyelikata.

Uzito nao hudanganya. Kipande cha tawi bichi chenye urefu wa mita 3 na unene wa sentimita 30 hukaribia kilo 200, kwa kuwa mti mbichi umejaa maji. Msaidizi aliyejizungushia kamba mkononi hawezi kuuzuia uzito huo. Yeye ndiye huinuliwa.

Mti mzima unapoangushwa, fundi hufungua kabari upande unaotakiwa kulalia, kisha hukata kwa nyuma na kuacha katikati ukanda mwembamba wa mti, takribani sehemu moja ya kumi ya upana wa shina. Ukanda huo ni kama bawaba ya mlango, nao ndio unaouongoza mti. Ukikatwa wote, mti huamua wenyewe pa kwenda. Kwa sababu hiyo watazamaji wanapaswa kukaa mbali kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti, na fundi awe amekwisha kusafisha njia ya kukimbilia nyuma kwa mshazari.

Haraka na malipo

Malipo ya kazi hii hupatanwa kwa mti, si kwa saa. Muda wa kukagua shina lililooza ndani, kufunga mkanda wa usalama au kusubiri umeme uzimwe haulipwi na mtu. Anayefanya haraka hupata mti wa pili siku hiyo hiyo. Anayefanya kwa uangalifu huonekana mvivu au mwoga. Hapo ndipo ajali nyingi huanzia, hata kabla mguu haujaacha ardhi.

Tawi kavu huvunjika bila kutoa ishara. Gome lililolowa huteleza. Ncha ya msumeno wa mnyororo ikigusa tawi lisilotarajiwa, msumeno huruka kwa nyuma kuelekea uso na shingo ya anayeushika, huku mnyororo ukienda mita 20 au zaidi kwa sekunde. Mtu anayeutumia kwa mkono mmoja juu ya mti hana namna ya kuuzuia. Kelele zake nazo huzidi desibeli 100. Katika kiwango cha 100, sikio lisilozibwa huwa salama kwa takribani dakika 15 tu kwa siku, na usikivu uliopotea kwa njia hii haurudi.

Hatari kuliko zote ni umeme. Nyaya za kusambaza umeme mitaani hubeba volti 230 na 400, na zile za njia kubwa hubeba volti 11,000 au 33,000. Tawi bichi hupitisha umeme, na katika nyaya za njia kubwa umeme huweza kumrukia mtu kabla hajaugusa waya. Hakuna glavu wala viatu vya mpira vya dukani vinavyomkinga.

Mwili unavyopokea pigo

Mtu anayeanguka kutoka mita 5 huifikia ardhi kwa kasi ya takribani kilomita 36 kwa saa. Kutoka mita 10, kasi hufika 50. Kutoka kilele cha mnazi wa mita 20, huwa 70. Kwa maneno mengine, mkwezi aliyeanguka ana madhara ya abiria aliyerushwa na gari, ijapokuwa hakuna gari lililoonekana.

Anayetua kwa miguu huvunjika visigino; nguvu hupanda kupitia magoti na nyonga hadi pale mgongo wa kifua unapokutana na wa kiuno. Pingili za hapo hupondeka, na vipande vyake vinaweza kuukandamiza uti wa mgongo. Matokeo yake ni miguu isiyotii, mkojo usiotoka, na ngozi isiyohisi. Anayetua kwa kichwa huumia ubongo na shingo.

Dakika za kwanza

Jirani mwenye huruma anaweza kuongeza madhara bila kujua. Majeruhi huinuliwa kwa makwapa na miguu, akakunjwa ndani ya bajaji au kuketishwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Pingili iliyovunjika husogea, na mtu aliyekuwa bado anachezesha vidole vya miguu hufika hospitali akiwa amepooza.

Fanyeni hivi badala yake. Kama waya wa umeme umehusika, msimguse mpaka umeme uzimwe. Akiwa hapumui wala haitikii, mkandamizeni kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 au 6. Damu inayochuruzika izuieni kwa kitambaa safi na mkandamizo thabiti. Kama anapumua, mwacheni alale, kichwa kikishikwa kisigeuke. Tafuteni mlango au ubao mpana, mgeuzeni mwili wote kwa pamoja kama gogo, na msafirisheni amelala katika gari lenye nafasi. Anayening'inia katika mkanda wa usalama ashushwe upesi, kwani damu inayobaki miguuni inaweza kumzimisha kwa dakika chache.

Kwa watoa huduma

Anayefika zahanati au kituo cha afya baada ya kuanguka kutoka mita 3 au zaidi achukuliwe kuwa ameumia uti wa mgongo mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo. Ulizeni alitua kwa sehemu gani. Kisigino kilichovimba ni sababu ya kuuchunguza mgongo, hata kama mgonjwa halalamikii mgongo. Shinikizo la damu likiwa chini na mapigo ya moyo yakiwa ya polepole, huenda mishipa ya fahamu imeumia. Hata hivyo itafuteni kwanza damu inayovujia kifuani, tumboni na katika nyonga. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10, husaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia kwa mwenye kutoka damu nyingi. Mfupa uliotokeza nje unahitaji kuoshwa, antibiotiki mapema na kinga ya pepopunda.

Kwa aliyepigwa na umeme, msidanganywe na kidonda kidogo cha ngozi. Misuli ya ndani inaweza kuwa imeungua. Mkojo wenye rangi ya chai nzito ni onyo kwa figo. Ongezeni maji ya mishipa mpaka mtu mzima atoe mililita 75 hadi 100 za mkojo kwa saa, na mwendo wa moyo ufuatiliwe. Aliyepooza ageuzwe kila baada ya saa 2 tangu siku ya kwanza, kwani kidonda cha mgandamizo huanza mapema, nacho huweza kuua hata baada ya mfupa kupona.

Wajibu wa anayeajiri

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo hufanya kazi kupitia mwajiri anayechangia. Kibarua aliyeitwa kutoka kijiweni kwa kazi ya nusu siku kwa kawaida hana mwajiri wa namna hiyo. Akivunjika mgongo, gharama humwangukia mkewe, wazazi wake na watoto watakaoacha shule.

Kwa hiyo wewe mwenye nyumba una sehemu yako. Kabla ya kupatana bei, uliza kama ana kamba, mkanda, kofia ngumu na msaidizi, na ulipie muda wa kuvitumia. Mti ukiwa karibu na nyaya, nenda kwanza kwenye ofisi ya shirika la umeme, na asipande mtu mpaka wao wenyewe wamethibitisha kwamba umeme umezimwa. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma, ahirisha. Usimhimize aliye juu. Nawe fundi, una haki ya kuukataa mti uliooza. Atakayekuona mwoga leo hatakuwa wa kukugeuza kitandani kila baada ya saa mbili.